Bima ya Ukuta Wenye Vidole Vinne

Usiku wa kuamkia leo niliota karatasi ya bima inakohoa.

Lakini ngoja kwanza niwaeleze ilivyofika mezani kwangu, msije mkasema bibi kaanza hadithi kwa kushika mkia. Hapa kwetu Muheza, mwezi uliopita, jiko la jirani yangu Bi Tunu liliungua kwa shoti ya umeme. Hakuumia mtu, ila alibaki na ukuta mweusi na gofu la friji. Binti yangu Mwanaidi, anayefanya kazi Tanga mjini, akasikia, akanipigia simu. "Mama, tuikatie nyumba bima, yenyewe na vilivyomo. Kulipa nitalipa mimi, ila kuchagua uchague wewe."

Basi akaja wakala wa bima, Bwana Ombeni, kijana wa adabu, ana kalamu tatu mfukoni na zote zinaandika. Akaniletea karatasi mbili za makisio, kila moja na kampuni yake. Ya buluu ilitaka shilingi elfu sitini na tano kwa mwaka. Ya njano, elfu mia moja na thelathini. Nyumba ile ile, milango ile ile, mbuzi nje yule yule.

Watu wa njano walikuwa wamemtuma mtu na futi, akapima kila chumba mpaka choo. Wa buluu hawakupima kitu. Waliniuliza tu nyumba ina thamani gani, nikawatajia bei aliyowahi kunitajia dalali, milioni ishirini. Nikaona hao ndio watu wastaarabu, hawachunguzi choo cha mtu.

"Hawa wa njano ni wezi," nikamwambia Ombeni. "Kesho saa tatu uje, nisaini ya buluu."

Mume wangu, Mzee Mbelwa, alikuwa amekaa pale pale, anasikiliza. Mzee macho yake yalizimika, huu mwaka wa sita, kwa presha ya macho. Lakini ndani ya nyumba hii hahitaji fimbo wala mkono wangu, kwa kuwa aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, enzi zake akiwa fundi mwashi. Kutoka kitandani hadi mlango wa chumba ni hatua saba. Hatua ya kumi na mbili, pale ukumbini, ananyoosha mkono wa kulia na kukuta vidole vyake.

Ndiyo, vidole vyake. Siku tuliyopiga lipu ukuta ule alitaka kujua kama imekauka, akabonyeza kwa vidole vinne. Ilikuwa haijakauka. Nilimgombeza siku mbili, nikamwambia ameniharibia ukumbi, naye akacheka akaviacha. Leo ndivyo vinavyomwongoza. Anaviingiza vidole mle mle kwenye mashimo yake, anageuka kushoto, anahesabu hatua kumi na tisa, anafika kwenye benchi la barazani. Jumla thelathini na moja. Anakaa, anakunywa chai, anawajua wapita njia kwa viatu vyao.

Usiku ule, tukiwa tumeshazima taa, akaniambia, "Kitendawili!"

"Tega."

"Nimenunua ng'ombe kwa bei ya kuku, nikacheka njia nzima."

Nikajaribu yai, nikajaribu ndama, nikajaribu ng'ombe wa kuchorwa. Nikashindwa.

"Nipe mji," akasema.

"Nakupa Korogwe."

"Nimekwenda Korogwe, nimekula, nimerudi. Jibu nitakupa asubuhi."

"Huo si utaratibu, baba Mwanaidi! Ukipewa mji unatoa jibu."

Alikuwa ameshaanza kukoroma. Nami nikalala na hasira kidogo na kanga yangu safi mabegani, ile niliyoipiga pasi kwa ajili ya kusaini.

Sasa ndipo ndoto inapoanza. Niko mezani, ni mchana kweupe, na karatasi ya buluu inakohoa.

"Shikamoo, bibi," ikasema.

"Marahaba. Umeshikwa na kifua?"

"Kifua hakina neno. Ni mgongo unaniwasha."

Nikaitilia chai ya mchaichai, maana mgeni hata akiwa karatasi ni mgeni. Ikanywa kwa kona moja. Halafu ikaniomba niigeuze niikune.

Nikaigeuza. Upande wa nyuma, pale kwenye maandishi madogo ambayo mchana sikuyasoma kwa kuwa miwani ilikuwa chumbani, niliona maandishi si maandishi. Ni sisimizi. Maelfu ya sisimizi, kila mmoja amejikunja umbo la herufi, wanatembea huku na huku wasisomeke.

"Tulieni nisome," nikawaambia.

Kiongozi wao akavua kofia. "Bibi, tusamehe. Sisi tumeajiriwa kuwa wadogo na kutembea. Ni kazi tu, hatuna chuki na wewe."

Mimi ni mtu wa darasa la saba, ila sisimizi nawajua tangu utoto. Nikachota sukari kijiko kimoja, nikaimwaga katikati ya karatasi kwa mstari ulionyooka. Wakaja mbio, wakapanga foleni, na walipoinama kula wakawa sentensi.

Nikasoma, *Ukiandika nusu, utajengewa nusu.*

Chini yake, *Matofali mia moja ya kwanza atabeba bibi.*

Chini yake tena, kwa sisimizi wale wembamba kabisa, *Shoti ya umeme haimo.*

"Nusu ya nini?" nikauliza. "Mbona mimi nimeandika nyumba nzima? Nimetaja na choo."

Karatasi ya buluu ikamalizia chai. Ikajifuta midomo, ikasema, "Kitendawili!"

"Tega," nikasema. Kitendawili siwezi kukikataa, hata nikiwa usingizini.

"Mwaka mzima nakulipa, na mwaka mzima naomba nisikuhitaji."

"Daktari."

"Hapana."

"Mchimba kaburi."

"Hapana, na usiseme hivyo mezani. Nipe mji."

"Nakupa Korogwe."

"Korogwe umeshampa mumeo. Huwezi kugawa mji mmoja mara mbili."

"Basi nakupa Lushoto."

"Nimekwenda Lushoto," ikasema karatasi, "na jibu ni bima."

Na kweli tulikuwa tumekwenda. Niko Lushoto, baridi inanipiga, ukungu umekaa barabarani kama ng'ombe, na nyumba yangu nzima imesimama nyuma yangu inatetemeka kwa sababu haikuvaa sweta. Mbele yetu kuna mizani mikubwa ya kupimia kabeji. Karani wa mizani ni kufuli. Ni kufuli langu la mlango wa mbele, lile la shaba tulilolinunua mwaka tuliohamia, limekaa kwenye kiti na ufunguo limeuweka sikioni kama kalamu.

"Anayepimwa nani?" likauliza, bila kunitazama.

"Wewe si unanijua? Kila siku nakufungua."

"Kazini sina ndugu. Anayepimwa nani?"

"Nyumba."

"Ya kuuza au ya kujenga tena?"

"Kwani kuna tofauti?"

Kufuli likashusha pumzi, ikatoka vumbi la kutu. "Nyumba ya kuuza hupimwa pamoja na kiwanja chake, na jirani zake, na njaa ya muuzaji. Hiyo ndiyo bei ya dalali. Bima haimuulizi dalali. Bima inauliza: ikiteketea yote leo, itachukua kiasi gani kuisimamisha tena ilivyokuwa? Kiwanja, shuka kwenye mizani. Wewe huungui."

Kiwanja kikashuka. Kilikuwa kimenuna kweli kweli, na ule mche wetu wa mchungwa kichwani. "Miaka yote nimewabeba," kikasema, "nikabeba na msiba wenu, na harusi, na maji machafu. Leo mbele za watu naambiwa nishuke." Nikakiomba radhi. Kikageuka upande wa pili.

Nyumba ikapanda mizani peke yake, nyepesi, kama mwari anayepimwa nguo. Mshale ukasogea, ukasimama kabla ya kufika ishirini.

"Mbona haifiki?" nikasema. "Dalali alisema milioni ishirini."

"Hiyo ni nyumba iliyosimama," likasema kufuli. "Sasa ije ile itakayojengwa."

Wakaanza kuja. Mifuko ya saruji ikapanda mmoja mmoja, kila mmoja umebandikwa bei ya leo kifuani. Nikautambua mmoja. "Wewe," nikauambia, "mwaka ule nilikununua kwa bei ya kreti la soda!"

"Na wewe bibi," ukanijibu, "mwaka ule ulikuwa na meno yote."

Mabati yakapanda yakipiga kelele kama watoto wa shule. Zikapanda nondo, mbao za kenchi, misumari, mlango wa mninga ambao siku hizi mti wake hata kuuona ni bahati. Wakapanda mafundi wanne na ugali wao wa mchana. Likapanda na lori la kuzolea majivu, maana kufuli lilisema majivu hayajizoi. Kila kinachopanda, mshale unasogea. Ukapita thelathini. Ukafika arobaini, ukasimama, ukahema.

Nikaitazama karatasi ya buluu. Ikawa inatazama kabeji.

"Sasa vilivyomo," likasema kufuli, na likatoa daftari la mahudhurio. "Sufuria namba moja!"

"Nipo!"

"Namba mbili!"

"Nipo, lakini mimi ni wa Bi Tunu."

"Namba tatu!"

"Nipo, na mimi pia ni wa Bi Tunu. Nigeuzeni muone."

Hapa niwaeleze jambo. Kwetu shughuli ikitokea, iwe harusi iwe msiba, kila mama anatoa vyombo vyake vikapikie watu, na ili visipotee kila mama ana alama yake kitakoni mwa chombo, kwa rangi ya kucha. Yangu ni nukta tatu nyekundu. Ya Bi Tunu ni mstari. Shughuli ikiisha vyombo vinarudi kwa wenyewe, vingine siku hiyo hiyo, vingine kwa mwendo wa kobe. Na mimi Ombeni aliponiuliza nina sufuria ngapi, niliingia jikoni nikahesabu nilizoziona, kumi na nane, bila kugeuza hata moja.

Kufuli likaziamuru zote zipinduke. Sufuria kumi na moja hazikuwa zangu.

"Zako nyingine ziko wapi?"

"Tuko huku!" sauti zikaja kwa mbali sana, kutoka upande wa Muheza. "Tuko kwa Mama Semeni tangu maulidi! Tumelala nje na kunguru!"

Sufuria kubwa la Bi Tunu, lile la pilau, likanicheka hadi mfuniko ukaruka. "Bibi huyu! Anatulipia bima sisi wageni, wanawe wanalala na kunguru!"

Niliona haya, na sikuwa na pa kuficha uso. Nyumba ikanihurumia, ikashuka kwenye mizani, ikasema, "Mama Mwanaidi, nimechoka. Turudi."

Tukarudi. Sikumbuki tulipita wapi. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango kama unavyomshika mtu mkono, na nilipoinua macho tuko Muheza, jua la saa nne limewaka.

"Hodi," akasema mtu mlangoni.

Nikafungua. Alikuwa moto. Umevaa suruali iliyopigwa pasi, umeshika bahasha.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni moto. Nimetumwa kwa ajili ya mfano tu."

"Marahaba. Futa miguu."

Ukafuta. Ukauliza kama kuna mtu ndani, nikasema yuko mzee wangu, amelala. "Basi atoke kwanza," ukasema. Kitanda kikatoka chenyewe kwa miguu yake minne, polepole, kimembeba Mzee Mbelwa kisimwamshe, kikasimama uani kwenye kivuli. Hapo moto ukaanza kazi. Uliila nyumba kwa adabu, ukianzia juu, haukuongea na chakula mdomoni. Ulipomaliza ukaniomba maji, ukanywa, ukafa.

Halafu akaja fundi wa kampuni ya buluu. Alikuwa na nusu ya ndevu, na ngazi ya mguu mmoja.

"Matofali mia moja ya kwanza ni yako, bibi," akaniambia.

Nikajitwisha. Nikabeba moja, mbili, kumi, ishirini, shingo inazama mabegani. Nilipofika mia, fundi akaanza kujenga, na alikuwa na haraka ya ajabu. Dakika chache tu akakung'uta mikono. "Tayari."

Nikatazama. Amejenga nusu ya mlango. Nusu ya dirisha. Paa limefika katikati ya chumba likakata tamaa. Kabati lina mlango mmoja na mguu mmoja na nusu. Jogoo wetu alirudishiwa upande wa kuwika tu.

"Fundi, hii nini?"

"Nyumba ya arobaini, umeandika ishirini. Wewe darasa la saba ulifaulu hesabu. Niambie hii ni nini."

"Ni nusu," nikasema.

"Basi mimi na wewe hatugombani." Akapanda ngazi yake ya mguu mmoja, akaenda zake.

Kitanda kikarudi chumbani na kujipanga pale pale kilipokuwa. Na Mzee Mbelwa akaamka.

Naona anakaa. Anashusha miguu. Anapapasa ndara zake, anazipata. Mdomo wake unahesabu bila sauti, kama kila asubuhi ya Mungu. Moja. Mbili. Tatu. Mimi niko uani, nyuma ya matofali. Nne. Tano. Namwita, sauti haitoki, nadhani nami nimerudishiwa nusu ya koo. Sita. Saba. Anashika nusu ya mlango, anapita. Nane.

Nyumba inaishia hatua ya kumi na moja.

Na mbele ya hapo hakuna kitu. Sisemi hakuna sakafu, nasema hakuna kitu, hata udongo. Kiwanja chetu kilikuwa bado kiko Lushoto, kimenuna.

Tisa.

Naacha matofali, nakimbia. Mwanamke wa miaka sabini na mbili, magoti haya haya. Kumi. Ananyoosha mkono wake wa kulia, ule wenye kovu la mwiko, anatafuta vidole vyake hewani. Kumi na moja. Mkono unapapasa, haupati kitu. Na Mzee Mbelwa, ambaye miaka sita hakuwahi kuniuliza njia ndani ya nyumba yake, anasema kwa sauti ndogo, "Mama Mwanaidi, ukuta umekwenda wapi?"

Nikaenda nikasimama pale ukuta ulipokuwa.

Akapiga hatua ya kumi na mbili. Vidole vyake vinne vikatua begani kwangu. Vikabonyeza. Vikaingia.

"Ah," akasema. "Upo. Nilidhani umehama."

"Nihamie wapi?"

"Leo umekuwa laini."

"Lipu mbichi," nikamwambia. "Geuka kushoto taratibu, halafu usiende popote. Kaa hapa nami."

Tukasimama. Mkono wake begani kwangu ulikuwa wa moto. Sijui tulikaa muda gani hivyo, na niseme kweli, haikuwa vibaya. Tangu macho yake yazime alikuwa hanishiki tena kutafuta njia, maana nyumba ilimtosha. Lakini nilijua nikisogea hata kidogo, anaanguka. Na chai ilikuwa haijachemshwa. Na kesho je? Na keshokutwa? Ukuta haupiki chai. Ukuta hauendi kuchukua sufuria kwa Mama Semeni. Ukuta ukifa kabla ya mumewe, nani atasimama?

Nikalia kidogo kidogo, kwa kadiri ukuta unavyoweza, pale kwenye nyufa.

"Bibi," ikasema sauti. "Niko hapa chini ya birika. Uliniweka tangu jana nisikusumbue."

Ilikuwa karatasi ya njano. Ikajitoa chini ya birika, ina duara la chai mgongoni, ikaja ikasimama mbele yangu.

"Umekuja kunicheka," nikasema.

"Sijaja kukucheka. Ulisema mimi ni mwizi, nikasema acha nisubiri, labda ataniuliza kwa nini ghali."

"Kwa nini ghali?"

"Mwenzangu alikupa bei ya nusu nyumba, mimi nilikupa ya nzima, na wewe ukaziweka mezani pamoja ukaona ni kitu kimoja. Utupime tena, safari hii tubebe mzigo sawa. Huenda tukakaribiana. Huenda mimi bado nikazidi kidogo, ukaniambia nipunguze. Sikatai kuambiwa."

Ikajigeuza yenyewe, sikuiomba. Maandishi ya nyuma yalikuwa makubwa kama punje za maharage, hayatembei. *Matofali kumi ya kwanza atabeba bibi.* "Hiyo ni hasara ya kwanza unayojilipia mwenyewe, lazima iwepo," ikasema, "ili usiniite kwa kila kikombe kinachovunjika." *Shoti ya umeme imo. Mafuriko hayamo.* "Ukiyataka nitayaingiza, ila nitaongeza bei, na nitakwambia ni kiasi gani." *Vyombo ni vyenye nukta tatu tu, navyo viwe ndani ya nyumba.*

"Na vidole vinne?" nikauliza.

Ikajipapasa mgongo.

"Vidole vya mzee, vya kwenye ukuta. Viko wapi hapo nyuma?"

"Havipo, bibi. Hivyo sivilipi. Nilivitafutia bei nikakosa."

Nikakasirika nisivyopata kukasirika. "Elfu mia moja na thelathini! Umepima mpaka choo changu! Na kitu pekee ndani ya nyumba hii ninachokihitaji huwezi kukilipa!"

"Siwezi," ikasema karatasi ya njano, na haikutazama pembeni. "Lakini nalipa ukuta mzima, mahali pale pale, na lipu mbichi. Vidole anavyo mwenyewe."

Nikamtazama Mzee Mbelwa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, anatabasamu lile tabasamu la siku niliyomgombeza.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Upande wake wa kitanda ulikuwa mtupu, nikaketi upesi, kisha nikamsikia huko ukumbini, ndara zake zinaburuza. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Ndara zikasimama.

"Mama Mwanaidi. Hebu njoo."

Nikatoka mbio. Amesimama wima, vidole vyake viko kwenye mashimo yake, mle mle.

"Kuna nini, baba Mwanaidi?"

"Ukuta una joto."

Nikaweka kiganja kando ya mkono wake. Ukuta ulikuwa baridi kama kawaida yake. "Kwangu una baridi."

"Basi umenichagua mimi," akasema, akacheka. Halafu akakumbuka deni lake la kitendawili. "Haya, jibu lako. Ng'ombe wa bei ya kuku..."

"Alikuwa na miguu miwili."

Akageuza uso upande wangu. "Nani kakwambia?"

"Nilikwenda Lushoto."

"Mimi nilikwenda Korogwe. Wewe Lushoto kakupeleka nani?"

Nilimfikisha kwenye benchi lake, ingawa hakuhitaji kufikishwa, na nikaenda naye hatua zote kumi na tisa mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Hakuutoa. Nikachemsha chai. Nikaingia jikoni nikageuza sufuria zote. Zile za mstari zilikuwa kumi na moja. Nikambebea Bi Tunu zote kwa safari tatu, akashangaa, akaniuliza kama nahama. Nikapita kwa Mama Semeni nikachukua zangu nyingine. Zilikuwa nje, chini ya banda la kuku.

Saa tatu kamili Bwana Ombeni akabisha hodi, na karatasi ya buluu ikiwa juu ya faili lake, na kalamu ameshaitoa.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hiyo ya buluu igeuze unisomee mgongo wake, neno kwa neno, miwani yangu iko hapa. Ukimaliza, waambie wanikadirie nyumba ya milioni arobaini kama wenzao wa njano walivyoandika, na shoti ya umeme ndani. Ndipo tutajua mwizi ni nani."

Ombeni akaigeuza karatasi. Halafu akanitazama kwa namna ya ajabu, akasogea karibu.

"Bibi, samahani. Kwani hapa mnajenga?"

"Hatujengi. Fundi wa mwisho kuingia nyumba hii ndiye huyo anayekunywa chai."

"Una lipu begani."

Nikageuza shingo. Kwenye kanga yangu safi, ile niliyoilalia, bega la kulia, kulikuwa na alama nne za saruji, zimeshuka sambamba, ya kidole cha kati ndefu kuliko zote. Nikagusa moja. Ilikuwa bado mbichi.

Barazani, Mzee Mbelwa aliweka kikombe chini akanusa ncha za vidole vyake, kama fundi anayetaka kujua mchanga na saruji vimelingana.

"Najua, mwanangu," nikamwambia Ombeni. "Shika kalamu. Tuanze na ukuta."